Tamko Kuhusu Kujidhuru, Vyanzo Vyake, na Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu



Chama chetu kinawaunganisha madaktari wa magonjwa ya akili, wauguzi, wanasaikolojia na maafisa ustawi wa jamii wanaofanya kazi katika hospitali za umma na za binafsi. Tunatoa tamko hili kuelekea Septemba 10, siku ambayo tangu 2003 dunia imeitenga kwa ajili ya kuzuia vifo vya kujiua. Sababu yetu ni moja. Mtu aliyejaribu kujiua nchini mwetu Tanzania akanusurika huamka wodini akiwa mgonjwa na mtuhumiwa kwa wakati mmoja, na sisi tunaomtibu tumechoka kuona utuhumiwa ukiushinda ugonjwa.

Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinasema kwa maneno machache kwamba anayejaribu kujiua ametenda kosa. Adhabu haikutajwa humo, hivyo hurejewa kifungu cha 35, chenye kifungo kisichozidi miaka miwili, au faini, au vyote viwili. Tunataka kifungu cha 217 kifutwe. Lakini hatutaki kudai hivyo kabla ya kueleza tunachokijua kuhusu watu hawa, maana wengi wanaokitetea kifungu hiki si wakatili. Wanaamini hofu ya jela itamrudisha mtu nyuma. Wangekuwa sahihi kama anayejidhuru angepiga hesabu ya faida na hasara jinsi mwizi anavyoipiga. Haipigi.

Hali yenyewe, kwa asiyeifahamu, ni hii. Mgonjwa anafikishwa mapokezi usiku juu ya bodaboda, kashikiliwa na shemeji yake aliyekaa nyuma. Muuguzi anahitaji kujua upesi kilichotokea na kimetokea saa ngapi. Lakini jibu limekwisha kutungwa njiani: ilikuwa bahati mbaya, chupa zilifanana, gizani hakuona. Familia inajua kuwa kesi za namna hii huandamana na PF3, ile fomu namba tatu ya Polisi, na kwamba fomu hiyo ikijazwa ukweli, ndugu yao anaweza kulala wodini huku askari akimsubiri mlangoni. Kwa hiyo wanadanganya, nasi hatuwalaumu. Uongo huo huingia kwenye faili kama ulivyo. Mwili unatibiwa, mgonjwa anaruhusiwa, daktari wa akili hakuitwa kwa sababu hapakuwa na cha kumwitia, na mtu yule anarudi katika chumba kilekile, penye jambo lilelile lililomfikisha huko. Wiki za mwanzo baada ya kutoka hospitali ndizo zenye hatari kubwa. Takwimu za taifa, kwa upande wao, zinahesabu ajali moja zaidi.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Hapa anayeyafichisha ni sheria.

Sasa tuseme juu ya kujidhuru kwenyewe, maana hapo ndipo penye kutoelewana. Taaluma yetu imelibishania jambo hili kwa zaidi ya miaka mia moja, na si kila ilichosema kilikuwa na mashiko. Mwaka 1920 Sigmund Freud, akiwatazama askari waliotoka Vita vya Kwanza vya Dunia, ambao kila usiku ndotoni walirudi palepale walipoumia, alifikia kudhani kwamba ndani ya binadamu mna msukumo wa kuelekea kifo. Wachache kati yetu wanaushikilia leo. Mwaka 1938 Karl Menninger, daktari wa Topeka, Kansas, aliandika kitabu kizima juu ya binadamu anayejipiga vita mwenyewe. Alisema wapo wanaojiua kwa siku moja na wapo wanaojiua kwa miaka ishirini, kwa chupa. Wapo wanaoielekeza hasira kwenye kiungo kimoja tu cha mwili. Menninger alikwenda mbali mno, na alipoanza kuona hamu ya kifo hata katika maradhi ya kawaida ya mwili, alikuwa ameuacha udaktari na kushika unajimu. Ila alituachia wazo moja ambalo wodi zetu zinalithibitisha kila wiki, kwamba wembe, gongo, sindano ya unga na jaribio la kujiua ni ndugu wa ukoo mmoja. Anayekuja kwa hili leo, mara nyingi aliwahi kuja kwa lile.

Kinachowaunganisha, kwa maoni yetu, ni maumivu. Edwin Shneidman, ambaye mwaka 1958 alishiriki kuanzisha kituo cha kuzuia kujiua mjini Los Angeles, alitumia maisha yake yote kueleza kwamba mtu wa namna hii anakimbia maumivu ya nafsi ambayo ameshindwa kuyabeba, na kwamba kifo kwake ni njia tu ya kuyakomesha. Wagonjwa wetu hawajamsoma Shneidman, lakini wanasema hayohayo. Wanasema "nimechoka". Wanasema "bora nisingekuwepo". Na wanasema neno ambalo tungependa kila mwenye masikio alishtukie: "nimekuwa mzigo."

Thomas Joiner, mwanasaikolojia wa Marekani aliyempoteza baba yake kwa kujiua, aliliweka neno hilo katikati ya nadharia yake ya mwaka 2005. Kwake hatari huwa kubwa pale mambo matatu yanapokutana: mtu kujiona hana kwao, kujiona mzigo kwa walio wake, na kuwa amekwisha kuzoea maumivu kiasi kwamba mwili wake hauogopi tena. Rory O'Connor wa Scotland aliongeza, mwaka 2011, jambo la kunaswa: mtu ameshindwa, amefedheheka, na haoni mlango wa kutokea. Hatuhitaji kwenda Scotland kuliona hilo. Mama aliyechukua mkopo wa riba kali, uitwao kausha damu, kulipia mtaji wa genge, akachukua wa pili kurejesha wa kwanza, akamficha mumewe, na sasa wakopeshaji wanakuja kubeba sofa na televisheni mbele ya majirani, huyo amenaswa kwa kila maana ya nadharia hiyo. Ukimuuliza kama ana ugonjwa wa akili, huenda hana. Anayo marejesho ya Ijumaa.

Hili tunalisema kwa makusudi, kwa kuwa daktari wa akili anayedai kwamba kila anayejiua ni mgonjwa wake anajipigia debe. Tafiti nyingi za Ulaya na Marekani zilizochunguza maisha ya marehemu zilikuta ugonjwa wa akili kwa takriban tisa kati ya kumi. China na India uwiano umeonekana kuwa mdogo zaidi. Wengi huko walitenda ghafla, baada ya ugomvi wa nyumbani, kwa kutumia kilichokuwa karibu. Kwa hiyo ugonjwa ni sehemu ya habari, tena kubwa. Sonona ndiyo inayoongoza. Ugonjwa wa hisia mseto, skizofrenia na ulevi huifuata, na dawa zipo, ikiwemo lithiamu, ambayo imethibitika kupunguza vifo vya kujiua kwa wenye magonjwa ya hisia. Mwaka 1976 Marie Åsberg na wenzake wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, walionyesha kwamba wagonjwa wa sonona ambao majimaji ya uti wa mgongo wao yalikuwa na mabaki kidogo ya serotonini walikuwa na majaribio mengi na makali zaidi. Yaani kuna biolojia humu, na familia inayosema "huyu ni mvivu wa maisha" inamwonea mtu kwa hali ya mwili wake. Lakini biolojia haikumkopesha yule mama.

Utoto nao una sehemu yake. Vincent Felitti na Robert Anda walichapisha Marekani mwaka 1998 utafiti ambao hakuna daktari wa fani yetu anayeweza kuukwepa: aliyepitia aina nne au zaidi za mateso ya utotoni alikuwa na uwezekano mara 4 hadi 12 wa kupata ulevi, uraibu wa dawa za kulevya, sonona au jaribio la kujiua, akilinganishwa na asiyepitia hata moja. Kisha itazamwe nchi yetu. Uchunguzi wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika 2009 ulikuta kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na takriban mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na karibu robo tatu ya wote walifanyiwa ukatili wa kimwili. Watoto wale leo ni watu wazima. Ni walimu, makondakta, askari, wabunge, na baadhi yao wako wodini kwetu. Ukatili wa utotoni humfundisha mtu mambo mawili kwa pamoja, kwamba mwili wake hauna thamani na kwamba maumivu ni kitu cha kawaida, na hayo ndiyo masomo mawili ambayo kujidhuru huyahitaji.

Kuna kundi ambalo tunaliombea subira ya pekee. Ni wanafunzi, wasichana wengi na wavulana pia, wanaojichanja au kujiunguza kwa siri na kuvaa mikono mirefu wakati wa joto. Wengi wao hawataki kufa. Armando Favazza, daktari wa akili wa Missouri, alilieleza hilo mwaka 1987 katika kitabu kilichobadilisha mtazamo wa fani yetu: kujidhuru kwa namna hii, kwa mhusika, ni kujitibu kubaya. Hisia zimempanda hadi hawezi kuzishika, au zimekufa hadi hahisi chochote, na maumivu ya mwili yanazinyamazisha kwa muda. Yanapopungua huja nafuu, na ubongo unajifunza haraka kuirudia njia iliyoleta nafuu. Baada ya miezi imekuwa desturi. Hatari yake ni kwamba mwili unazoea, na mazoea ni lile jambo la tatu la Joiner.

Mitaani na mabwenini husemwa kwamba hawa "wanatafuta kiki". Hata tukikubali kwamba baadhi yao wanataka waonwe, mtoto anayelazimika kutumia wembe ili aonwe ameshajaribu njia nyingine zikashindikana. Kumfukuza shule kwa sababu hiyo, kama bado inavyotokea, ni kumwongezea lile la kwanza, kutokuwa na kwao. Tiba ipo, na aliyeiasisi ni Marsha Linehan wa Seattle, ambaye mwaka 2011 alisema hadharani kwamba yeye mwenyewe akiwa msichana alilazwa kwa kujidhuru. Tiba hiyo hufundisha mambo ya kawaida kabisa: kuitambua hisia kabla haijafurika, kustahimili dakika kumi ngumu, kuomba msaada kwa maneno. Muuguzi aliyefunzwa anaweza kuyafundisha hayo katika kituo cha afya cha kata.

Kwa upande wa wanaume picha ni nyingine. Wanawake wengi zaidi hujaribu kujiua, wanaume wengi zaidi hufa. Mwanamume wetu ameelekezwa tangu jando kujikaza, na anapolemewa haji kliniki, anakwenda kilabuni. Pombe kwake ni dawa ya usingizi, kilainisha ulimi, na mara nyingi ndiyo inayomwondolea breki za mwisho. Serikali ilipopiga marufuku viroba, ile pombe kali ya vifuko vidogo, Machi 2017 ilikuwa, labda bila kukusudia, imechukua hatua ya afya ya akili.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kila mwaka kwa kujiua, karibu robo tatu yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba ni sababu ya tatu ya vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29. Lakini takwimu tunayoiona kuwa muhimu kuliko hizo inahusu walionusurika. Mwaka 1978 Richard Seiden alichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 515 waliozuiwa wasijirushe kutoka daraja moja la San Francisco kati ya 1937 na 1971. Takriban asilimia 94 walikuwa bado hai au walikufa kwa sababu nyingine za kawaida. Dai kwamba "aliyeamua ameamua" halina ushahidi. Saa mbaya hupita. Kazi yetu yote, ukiipima vizuri, ni kumvusha mtu saa hiyo na kisha kumfuatilia.

Kumfuatilia hakuhitaji mabilioni. Shirika hilohilo liliongoza jaribio katika vituo vitano, vya Brazil, India, Sri Lanka, Iran na China, likiwa na watu 1,867 waliofikishwa hospitali baada ya kujaribu kujiua. Matokeo yalichapishwa 2008. Nusu yao walipata huduma ya kawaida. Wengine waliongezewa mazungumzo ya saa moja kabla ya kutoka, halafu wakapigiwa simu au kutembelewa mara tisa katika miezi 18. Katika kundi la kwanza asilimia 2.2 walikufa kwa kujiua. Katika la pili, asilimia 0.2. Simu tisa! Wahudumu wetu wa afya ngazi ya jamii wanaweza kuzipiga kuanzia kesho. Ila huwezi kumpigia mtu aliyeandikisha jina la uongo mapokezi kwa kumwogopa askari.

Hapo ndipo sayansi inapogongana na kifungu cha 217, na inafaa kukumbuka kilikotoka. Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika iliandikwa 1930 chini ya Mwingereza, kama zile za Kenya na Uganda, na ilirithi kosa hili kutoka sheria ya kwao. Lipo jambo la kuchekesha humu, kama lisingekuwa la kusikitisha. J. C. Carothers, daktari aliyeisimamia hospitali ya Mathari, Nairobi, aliandika katika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 kwamba Mwafrika ni nadra kupata sonona na ni nadra kujiua, kwa madai kwamba sehemu ya mbele ya ubongo wake haitumiki kama ya Mzungu. Serikali ileile ya kikoloni iliyomlipa mshahara ilikuwa na kifungu cha kumwadhibu Mwafrika huyohuyo kwa jambo ambalo mtaalamu wake alidai halimpati. Waingereza wenyewe walilifuta kosa hilo kwao Agosti 1961, miezi minne kabla ya bendera yao kushushwa Dar es Salaam. Sisi tulibaki nalo.

Jirani zetu wamekwisha kusonga. Januari 9, 2025, Mahakama Kuu ya Kenya, kwa hukumu ya Jaji Lawrence Mugambi, ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya nchi hiyo, ambacho ni pacha wa 217 yetu, kinakwenda kinyume na Katiba: kinambagua mtu kwa hali ya afya yake, kinamvunjia utu, na kinamzuia kuifikia huduma ya afya. Waliopeleka shauri walikuwa pamoja na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya na chama cha madaktari wa akili wa huko. Ghana ililifuta kosa hili bungeni mwaka 2023. Malaysia, nchi ambayo Uislamu ni dini rasmi, ililifuta mwaka huohuo.

Tunaitaja Malaysia kwa sababu tunajua swali litakalofuata, na ni swali la haki. Dini zetu kuu zote mbili zinakataza kujiua, na sisi hatuwaombi masheikh wala maaskofu walegeze fundisho hilo. Kwa wagonjwa wengi imani ndiyo kamba ya mwisho, na tumewasikia wakituambia hivyo. Tunachoomba ni kutenganisha dhambi na jinai. Mambo mengi ni dhambi na hayamo katika Kanuni ya Adhabu, na hakuna anayesema kwamba Serikali imeyahalalisha. Tunawaomba pia viongozi wa dini watusaidie kwenye mazishi. Zipo familia zinazonyimwa ibada, na katika Buganda na baadhi ya jamii za Maziwa Makuu zimekuwepo desturi za kuuzika mwili usiku, kuuchapa, au kuuchoma moto mti uliotumika. Anayeadhibiwa hapo ni mjane na watoto, ambao ndio walio katika hatari zaidi baada ya kifo cha namna hiyo.

Isisemwe kwamba Tanzania haiwezi kuubadili mtazamo wake. Imekwisha kufanya hivyo kwa uraibu. Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, ya kwanza ya aina yake katika bara la Afrika kusini mwa Sahara kuendeshwa na Serikali kwa watumiaji wa heroini. Mateja waliokuwa wakijificha vijiweni, wakikimbia polisi na kuogopa arosto, yaani mateso ya kukosa dawa, walianza kupanga foleni asubuhi mbele ya dirisha la dawa. Baadaye huduma ikafika mikoa mingine na Zanzibar. Kuna waliorudi kazini, kuna waliorudiana na wake zao, kuna walioanza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa sababu sasa wana mahali pa kuonekana kila siku. Hawakuja kwa kutishwa. Walikuja kwa sababu mlangoni hapakuwa na pingu. Tunaomba mlango wa aina hiyohiyo.

Kwa hiyo, pamoja na kulitaka Bunge lifute kifungu cha 217, tunasema wazi kwamba kifungu cha 216, kinachomwadhibu anayemshawishi au kumsaidia mwingine kujiua, kibaki. Huyo ni mtu mwingine kabisa. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inazo njia za kumfikisha na kumlaza hospitalini mtu aliye hatarini, hata asipotaka, na zinatosha. Polisi tunawahitaji sana katika hili, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wa kwanza kuitwa: wamfikishe mtu salama, wamwondolee vitu vya hatari, wamkabidhi kwa muuguzi, waondoke. Hadi Bunge litakapotenda, tunamwomba Mkurugenzi wa Mashtaka atumie mamlaka yake ya kutoendelea na mashtaka haya.

Wizara ya Afya tunaitaka itoe mwongozo kwamba hakuna mgonjwa wa kujidhuru atakayeruhusiwa kwenda nyumbani kabla ya kuzungumza faragha na mtu aliyefunzwa, na kwamba atapigiwa simu baadaye. Iongeze watu hao. Zimbabwe ilionyesha, kupitia benchi la urafiki lililoanzishwa na daktari wa akili Dixon Chibanda, kwamba bibi wa mtaani akifunzwa vizuri anaweza kuwasaidia wenye sonona kwa matokeo mazuri. Jaribio lake lilichapishwa 2016. Zanzibar nayo imeufuata mfano huo.

Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu tunaiomba itazame upya orodha ya viuatilifu inavyovisajili, na kuviondoa vile vyenye sumu kali mno kwa binadamu pale penye mbadala. Sri Lanka ilifanya hivyo hatua kwa hatua, na idadi ya vifo vya kujiua kwa kila watu laki moja ikashuka kwa zaidi ya asilimia 70 katika miongo miwili, bila mavuno kuanguka. Sidhani, anasema mmoja wetu aliyekulia kwenye pamba, kama kuna mkulima atakayeandamana kudai sumu kali zaidi. Benki Kuu, kwa nguvu inazopewa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, iwabane wakopeshaji wanaodhalilisha wadaiwa. Hilo nalo ni afya ya akili.

Waandishi wa habari, tunawaomba msieleze njia iliyotumika wala mahali, msichapishe barua za kuaga, msiandike kwamba fulani amejiua "kwa sababu ya mapenzi" kana kwamba jambo ni moja tu. Habari za namna hiyo huambukiza, na hilo lina ushahidi. Habari za watu waliopita katika hali hiyo wakatoka salama huokoa, na hilo lina ushahidi pia. Picha za marehemu zinazozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp hazina kisingizio chochote cha uandishi.

Na kwa familia. Mtu wako akianza kugawa vitu vyake, kuaga bila safari, kuacha dawa, kunywa kupita alivyozoea, au kusema ni mzigo, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Wengi hushusha pumzi kwa kupata wa kumwambia. Msikilize bila kumhubiria, usimwache peke yake, ondoa nyumbani au fungia vitu vya hatari, mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, na usiku huo usingoje asubuhi. Kama ni mtoto, namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto ni ya bure. Kama mmeanzia kwa mganga wa tiba asili hatutawafokea, ila tunamwomba mganga naye awalete. Na mkifika mapokezi, mwambieni muuguzi ukweli. Tunajua tunachowaomba, na tunajua sheria ilivyo leo. Sisi tuliosaini tamko hili tumekubaliana kwamba siri ya mgonjwa wetu itabaki siri ya mgonjwa wetu, isipokuwa pale mahakama itakapoamuru vinginevyo.

Nakala ya tamko hili inawasilishwa kwa Waziri wa Afya, Waziri wa Katiba na Sheria, Tume ya Kurekebisha Sheria, Mkurugenzi wa Mashtaka, Inspekta Jenerali wa Polisi, na Kamati ya Bunge inayosimamia masuala ya sheria, ambayo tumeiomba nafasi ya kufika mbele yake na mapendekezo ya maandishi.